Friji la Mama Mkwe

Mtaa mzima walimwita Shoti, naye jina hilo alilivaa kama cheo. Alikuwa fundi umeme wa siku nyingi, na karibu kila nyumba ya pale alikuwa ametandaza nyaya yeye mwenyewe, chapuchapu. Waya wa ardhini, ule wa kuteremsha umeme unaovuja, hakuufunga hata siku moja. Aliuita pambo la matajiri. Mteja akilalamika kwamba friji linamtekenya, Shoti alimjibu kwa upole kwamba friji lisilotekenya limekufa.

Kisha moyo wake ukaanza uvivu. Akawa anaishiwa nguvu kwenye ngazi, na siku moja akaanguka kazini, mpaka hospitali wakampachika chini ya ngozi ya kifua kidude cha kuushtua moyo kila unaposahau kupiga. Daktari, mwanamke asiye na maneno mengi, alimwonya akae mbali na mashine za kuchomelea vyuma na asiguse kitu chochote kinachovujisha umeme. Shoti aliitikia kwa kichwa, kisha njiani akamwambia mkewe kwamba yeye na umeme wanajuana tangu ujana.

Jumapili wakaenda kumsalimia mama mkwe. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Shoti akaingia jikoni miguu mitupu kutafuta maji baridi, akashika mpini wa friji aliloliunganisha kwa mikono yake. Likamtekenya, ila safari hii kiganja kiligoma kuachia. Giza likamjaa machoni. Alipozinduka alikuwa chali, mkewe akimpepea kwa mfuniko wa sufuria.

Hospitali, daktari alikipima kile kidude, akakikuta kizima.

"Umeme ulipokupitia, kifaa kilidhani ule mtetemo ni moyo wako unapiga wenyewe," alisema. "Kikanyamaza. Ungeendelea kushika, tusingekuwa tunaongea. Hilo friji aliliunganisha nani?"

Shoti akasema ni fundi mmoja tu wa mtaani.

Tangu siku hiyo hakutulia. Kila nyumba aliyokaribishwa aliijua mpaka matumbo. Alitembea na mabuti ya mpira hata kwenye jua kali, akanywa chai za watu amesimama katikati ya ua, mbali na kuta. Wakasema hospitali imemtia maringo.

Mwishowe akameza kiburi, akamfuata fundi mwenzake ambaye kwa miaka alimcheka kwa kupenda kufuata vitabu. Wakapita nyumba kwa nyumba, mwenzake akifunga waya wa ardhini, Shoti akisimama mlangoni kutoa amri. Wenye nyumba aliwaeleza kwamba utaalamu umebadilika. Habari zikaenea kuwa kile kidude kimempa moyo wa huruma, na jirani mmoja akapendekeza mwenye nyumba wake naye apelekwe akawekewe.

Kwa mama mkwe walifika mwisho. Kazi ilipokwisha, bibi alifungua friji, akalifunga, akalifungua tena.

"Baba," alimwambia mkwewe taratibu, "miaka yote nimekuwa nikilifungua kwa mwiko. Ulidhani napenda?"

Shoti alianza habari za utaalamu uliobadilika. Mkewe, aliyekuwa amefuatana nao, akamtazama. Akaishia katikati, akainamisha kichwa na kusema, "Nisamehe, mama. Nilikosea mimi."

Mama mkwe akamwambia avue hayo mabuti, jikoni kwake kunapigwa deki.