Maji ya Birika Kwenye Beseni la Hajji

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati moja ya Ibanda, Sista Mkuu hakunikabidhi sindano. Alinipa jagi la plastiki lenye alama za kupimia. "Wewe, mukojo ya mugonjwa haimwagwi kama haijapimwa. Umesikia?" Nikajibu, "Ndiyo, Sista," huku moyoni nimenuna. Miaka yote ile ya chuo cha uuguzi, kumbe nilisomea mikojo!

Jagi lilinifuata Muhokya, kisha Bwera, katika hospitali ndogo ya binafsi nilikomalizia kazi. Huko ndiko alikoletwa Hajji Muhindo, msafirishaji wa mizigo ya mpakani, wiki chache baada ya kupasuliwa moyo India. Walikuwa wamechukua mshipa wa mguuni, wakautumia kuipitisha damu kando ya mishipa ya moyo iliyoziba. Sasa kidonda cha mguu kilitunga usaha.

Daktari Mkuu alisoma barua ya India mara mbili, akatuita. Alitueleza kwamba upasuaji huo una njia mbili: moyo husimamishwa, mashine ikazungusha damu, au mishipa hushonwa moyo ukiwa unapiga. Hajji alifanyiwa kwa mashine, njia inayoweza kuzichosha figo, ingawa hata ile nyingine si hirizi ya kuzilinda. Figo zake zilikuwa zimeyumba, na usaha ungeweza kuzimaliza. Wiki hiyo mashine ya maabara ya kupima figo ilikuwa mbovu. "Sista, macho yetu ni jagi yako," akasema.

Siku tatu nilipima mkojo wa beseni lake kwa jagi, nikaandika: mwingi, mzuri. Lakini Hajji alizidi kuvimba. Mizani ilipanda, pumzi zikawa fupi. Asubuhi ya nne Daktari alinitupia faili mezani.

"Karatasi yako inasema figo iko muzuri. Miguu inasema hapana. Nani iko anadanganya?"

Nilikasirika. Nani aliwahi kunikosoa kwa jagi? Nikaenda wodini nimefura, nikasimama kando ya kitanda cha Hajji. Chini palikuwa na birika lake, tupu. Nikamgeukia mkewe, Mama Zaina.

"Mama, birika ulijaza saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, Sista. Akimaliza haja anajisafisha. Atasali namna gani na najisi?"

"Na hiyo maji inaenda wapi?"

"Mu beseni, na mukojo. Iende wapi tena?"

Mimi Mkristo wa milimani nimeishi na Waislamu maisha yangu yote, na sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nimepima maji ya birika! Tukaweka mabeseni mawili. Hadi adhuhuri, mkojo wenyewe haukujaza hata kikombe cha chai. Hajji alikimbizwa Mbarara kwenye mashine ya kusafisha damu, nami nikabaki nikiomba asife kwa mwandiko wangu.

Hakufa. Figo ziliamka polepole. Aliporudi kuonwa, alisimama katikati ya wodi. "Huyu Sista ndiye aliona! Bila yeye niko mu kaburi." Watu wakapiga makofi. Nikatabasamu, nikayapokea.

Sasa nimestaafu. Nyinyi vijana mna mashine nyingi, lakini mgonjwa ana mdomo, muulizeni. Kila Idi Hajji hunitumia sahani ya pilau, na sijawahi kuimaliza. Idi ijayo nitamrudishia sahani yake mimi mwenyewe, nimwambie vile vipimo vya uongo vya siku tatu viliandikwa na nani.