Kamba ya Paka kwenye Mguu wa Kitanda

Sifa kwa Mungu, ambaye hata kiumbe chenye meno madogo amekipa kazi yake. Namshukuru pia kwa chumba alichonipa hapa Mubi, ingawa sikukichagua.

Nilitoka kwetu Kalembe na kigunia kimoja cha maharage ya mbegu. Barabara ya kurudi ikafungwa na vita nyuma yangu, na msimu wa kupanda umepita nikiwa katika chumba cha hatua nne, kwa mama mmoja mwenye duka, muumini mwenzangu. Panya walipoanza kutoboa kigunia, niliomba mtoto wa paka. Bila mbegu, siku barabara itakapofunguka nitarudi shambani kufanya nini?

Nilimfunga kama wazee wetu walivyotufundisha: kamba kwenye mguu wa kitanda, asahau alikozaliwa. Na kwa kuwa mimi pia sikuwa na pa kwenda, nilimchezesha kwa vidole. Aliruka, akauma, nikacheka.

Siku moja yule mama mwenye nyumba aliniletea sombe, mboga ya majani ya muhogo. Paka akarukia kisigino chake, akaking'ata hadi damu.

“Papa, hii iko paka ao iko chui?”

“Unisamehe, Mama. Iko mutoto bado.”

“Mutoto gani? Akiuma tena, ataenda kulala mu pori!”

Alipotoka, nilimpiga paka kofi dogo la pua. Akauma zaidi. Nilivuta mkono, akaung'ang'ania. Kwake ulikuwa mchezo uleule. Ndipo nikaona kamba imeuzunguka mguu wa kitanda mara nyingi, hata hakuwa na nafasi ya kugeuka. Niliona aibu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuwa mkono ni windo, kisha nikamnyima mahali pa kukimbia.

Nikaifungua kamba, nikafunga mlango. Tangu hapo, akiuma, sivuti wala sipigi. Nauacha mkono utulie kama ukuni, akiuachia namgeuzia mgongo kwa muda wa kusali Baba Yetu tatu. Halafu nakokota kitambaa kwa kamba ileile, akikimbize na kuking'ata hadi achoke, ndipo nampa kichwa cha ndakala, dagaa wakavu wa huku. Mikono yangu iliendelea kuchanika siku nyingi. Sikuwa na haraka. Haraka ya kwenda wapi?

Leo asubuhi mama aliingia miguu mitupu. Paka alimnusa kidole, akampita, akapanda juu ya kigunia.

“Papa, chui yako imeshabatizwa?”

“Bado, Mama. Angali anafundishwa katekisimu.”

Alicheka, akaacha mlango wazi. Paka akatoka, akazunguka ua, akarudi mwenyewe. Mimi niliuliza habari za barabara. Ingali imefungwa. Nikapapasa kigunia: hakuna tundu jipya.

Wewe unayesoma, Mungu akulindie mbegu yako, na siku atakapokufungulia mlango, akukute ungali mpole.