Msusi Aliyepewa Msitu

Mimi ni msusi. Kazi yangu ni vichwa vya watu. Mimea haijawahi kunielewa. Hata mshubiri, ambao ukiusahau mwaka mzima hukutazama tu, ulinifia kwenye kopo dirishani. Mtu kama huyo ndiye aliyekabidhiwa vijana wa kuulinda msitu wa chemchemi, ule ulio nyuma ya mtaa wetu, unaotupa maji ya bomba.

Cheo chenyewe nilikipata kwa bahati mbaya. Mkutano wa mtaa ulikuwa umerefuka, mwenyekiti akauliza nani yuko tayari kuwa mlezi wa vijana wa kujitolea, nami saa ileile nikanyoosha mkono kuuliza choo kiko wapi. Makofi yakapigwa. Ningekanusha, lakini makofi ni matamu, na mimi sikuwahi kupigiwa tangu siku ya harusi yangu.

Nilipomweleza mume wangu, aliacha kula.

"Msitu? Ule wote?"

"Wote."

"Basi tuanze kuweka maji ya akiba."

Jumapili nikaenda kiwanja cha mpira, vijana wakiwa mapumzikoni, nikawahutubia. Niliwaeleza habari za vizazi vijavyo, maneno niliyoyaokota redioni na kuyachanganya kidogo. Mlinda mlango akauliza, "Mama, kuna fulana?"

"Hakuna."

"Soda je?"

"Kuna hewa safi."

Akanishukuru kwa adabu, wakarudi kucheza. Nikabaki mstarini nikihutubia mpira.

Nilirudi saluni nimenywea. Kitini alikuwa akinisubiri binti tunayemwita Kiberiti, kwa udogo wa mwili na wepesi wa kuwaka. Nikaanza kumsuka huku namsimulia yaliyonipata, na hapo ndipo nikagundua kwamba mtu aliyesukwa nusu kichwa hana pa kukimbilia. Nilipofika kisogoni akasema, "Nitakuja, mama. Ila usinivute hivyo."

Wiki nzima kila aliyekalia kiti changu alilishwa habari za chemchemi. Wasichana wakakubali mmoja mmoja. Wavulana wa kiwanjani, waliposikia wasichana wanakwenda, wakakumbuka ghafla kwamba wanapenda miti.

Jumamosi tukakusanyika ukingoni mwa msitu. Bwana Misitu, afisa aliyetuagiza tung'oe magugu yaliyoizingira chemchemi, alichelewa. Pikipiki yake ilipata pancha. Mwenye akili angesubiri. Lakini vijana wote wale walikuwa wananitazama, na mlezi ni mimi. Nikaona mimea midogo imepangwa kwa mistari, kila mmoja na kijiti chake pembeni. Nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Mnaona vijiti? Hiyo ndiyo alama. Penye kijiti, ng'oa."

Hakuna aliyebisha. Tulifanya kazi kwa bidii ambayo sijaiona tena.

Bwana Misitu alipofika alivua helmeti, akatazama rundo letu, akaketi juu ya kisiki. Ni mtu mpole. Afadhali angefoka.

"Mama, hii ndiyo miti tuliyopanda mvua zilipoanza."

"Na vijiti?"

"Vya kuishikilia isianguke."

"Na magugu yako wapi?"

Akanionyesha. Ni kile kichaka nilichotundikia mkoba wangu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila tulikuwa tumeshaichimbua vya kutosha. Nyuma yangu mtu akacheka, mwingine akafuata. Kiberiti hakucheka. Aliokota mche mmoja, akautazama mizizi. "Bado haijakauka," akamwambia Bwana Misitu. "Tukiirudisha sasa hivi, itapona?"

"Mkiwahi kabla jua halijakuwa kali, mingi itapona."

Basi tukakimbizana. Wavulana wakachota maji, wasichana wakashika miche isimame wima, Bwana Misitu akapita akishindilia udongo. Kila mmoja akaanza kusema ule ni wangu, ule ni wako, nusura wagombane. Mfukoni mwa aproni yangu ya saluni nilikuwa na vipande vya rasta, zile nywele bandia za kusukia, za rangi mbalimbali. Nikawagawia, wakafunga kwenye vijiti vyao.

Jumamosi iliyofuata nilijiandaa kubembeleza upya. Nikawakuta wameshafika, wamechuchumaa, wanabishana rasta nyekundu na ya bluu nani mche wake umesimama vizuri zaidi. Mlinda mlango alikuwa akimwagilia kila siku kabla ya mazoezi. Magugu nayo wakayang'oa, yale yenyewe safari hii.

Bwana Misitu akanivuta pembeni. "Miaka yote vijana huja, hupiga picha, huondoka. Wewe uliwapa nini?"

"Hasara," nikamwambia.

Alicheka, kisha akaomba tuondoe rasta zangu msituni kwa sababu haziozi. Tukafunga kamba za katani. Hata msaada wangu uling'olewa.

Miche mingi ilishika. Wa kwangu ulikufa, na Kiberiti alinipa pole kama mfiwa. Vijana walipokaa kuchagua kiongozi wao wakamchagua yeye, bila hata kura moja ya huruma kwangu. Mimi nimepangiwa ndoo ya maji.

Juzi Kiberiti aliniruhusu kung'oa gugu langu la kwanza. Alisimama pembeni akinielekeza nishike chini, karibu na mizizi, nivute taratibu. Lilitoka lote. Nilirudi saluni mikono imechubuka, nikaipaka mafuta ya nywele, nikamwomba radhi mteja aliyekuwa akinisubiri. Akaniuliza nilikuwa wapi.

"Kaa kwanza," nikamwambia, nikachukua kitana.