Sanduku la Mugenzi

Pale Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, ukilalia kitanda kisicholia, ujue kimetoka kwa fundi Venant. Milango yake haikuvimba masika, na meza zake hazikuyumba hata mtu mzima azikalie. Kasoro yake ilikuwa moja tu, ubishi. Alibishana na mbao, na misumari, na redio, na mkewe Annonciata alisema hadharani kwamba angejua mapema angeolewa na kinyozi.

Venant alikimbia Burundi akiwa kijana, na useremala alifundishwa hukuhuku na baba mkwe wake, enzi zile kila mtu aking'oa visiki na kuanza maisha upya. Mzee alipofariki alimwachia msumeno, randa, futi ya chuma na mwiko mmoja: futi ya karakana ile haiwekwi juu ya mwili wenye uhai. Karakana ilitengeneza majeneza pia, na futi hiyohiyo ndiyo iliyopima wafu wa vijiji vya jirani. Ukienda kuagiza kitanda, Venant alikutazama tu kwa jicho, basi. Watu walimtania, mbona washonaji wanapima watu kila siku na hawafi? "Ya kwao ya kitambaa," alijibu, na hapo hakuna aliyemweza.

Mwaka 1996 Dada Mieke, Mholanzi aliyesimamia uchimbaji wa visima, alimaliza mkataba wake. Alikuwa na mbwa mwekundu, miguu mirefu, sikio moja limechanika. Jina lake Mugenzi, yaani rafiki kwa Kirundi, na aliyempa jina hilo ni Venant mwenyewe. Kwa kuwa Mieke alishinda visimani, mbwa alikulia karakanani. Alilala kwenye maranda siku nzima, akatafuna kandambili za wateja, na jioni akala ugali kwenye sufuria kuukuu ya Annonciata.

"Fundi, naondoka naye," Mieke alimwambia. "Watu wa ndege wanataka sanduku ambalo mbwa anaweza kusimama kichwa kisiguse juu, na ageuke. Umpime vizuri, tafadhali."

"Litakuwa tayari, dada."

Alijibu hivyo, lakini moyo ulimuuma. Alimpenda mbwa yule mno, na hakuwahi kumwambia mtu. Sasa anakwenda ng'ambo, kwenye baridi, ambako hakuna atakayemkuna sikio kwa penseli ya useremala. Hata hivyo kazi ni kazi. Alichagua mninga mzuri, akaacha nafasi za hewa kati ya mbao, akaweka mlango wenye komeo. Mbwa hakumpima. Alimtazama kwa jicho, kama kawaida yake.

Siku moja kabla ya safari Mieke alikuja na furaha zake. Mugenzi akaingizwa sandukuni. Shingo ikapinda, mgongo ukagota juu, akabaki ameinama akiwatazama kwa mshangao. Jicho la Venant lilizoea watu, na mbwa huyu lilimzoea akiwa amelala.

Mieke alikaa juu ya gogo akaanza kulia. "Treni ni kesho Mpanda. Sina tena muda. Basi abaki na nyie, najua mtamtunza."

Furaha ilimpanda Venant ghafla, hadi akaona haya na kugeuza uso. Lakini Annonciata alikwishamwona.

"Baba Aurélie, umefanya makusudi?"

"Haki ya Mungu, sikufanya makusudi."

"Nakuamini. Sasa chukua futi umpime."

"Futi hii? Na mwiko wa mzee?"

"Mzee alikuwa baba yangu mimi, siyo wako. Ameuweka yeye, nauondoa mimi binti yake. Mtoto wa watu analilia mbwa wake, na wewe unachekelea?"

Kwa mara ya kwanza maishani Venant aliacha ubishi, akaichukua futi. Annonciata alimshika mbwa kichwa, naye Venant akaivuta kutoka ardhini hadi kwenye masikio. Mugenzi aliilamba futi, kisha akaulamba na mkono ulioishika. Venant alisoma kipimo, akaongeza kidogo kwa ajili ya shingo, akaongeza tena kidogo kwa ajili ya upendo, halafu akabomoa sanduku na kuanza kuligongomea upya. Mieke alimshikia mbao, Annonciata akampa misumari, na kabla jua halijazama mbwa aliingia, akasimama, akageuka, akatikisa mkia.

Asubuhi sanduku lilipakiwa nyuma ya pikapu. Mieke aliagana nao kwa machozi, akaketi mbele na dereva. Venant alikuwa amejiandaa. Alijiambia kwamba gari likiwashwa mbwa atalala, yeye atageuka na kurudi kwenye randa yake, na mambo yatakwisha.

Gari liliondoka, lakini Mugenzi hakulala. Alisimama wima, shingo imenyooka, macho kati ya mbao mbili, akimtazama Venant. Alimtazama walipopita kwenye pampu ya maji, alimtazama walipopita kanisani, hakuketi wala hakubweka. Venant alibaki katikati ya barabara akilia mbele za watu, hakujali. Lile sanduku la kwanza lingemlazimisha mbwa ainamishe kichwa, asimwone mtu.