Siku Kompyuta ya Parokia Ilipopata Redio

Ilianza Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa nane, mwaka wa 1996, saa tatu kasorobo asubuhi. Saa naijua kwa sababu papa wa foni aliitangaza, kama anavyotangaza kila kitu: "Saa tatu kasorobo, kazi ya kompyuta inaanza."

Papa wa foni ndiye mzee anayeendesha redio ya parokia yetu hapa Panda, ile ya kusema na watu wa mbali, tunayoiita foni. Simu za mji zimekufa na posta haipeleki kitu, basi kila asubuhi watu wanapanga mstari mbele ya mlango wake. Unashika maikrofoni, unabonyeza kitufe, unasema neno lako, unamalizia "a vu" ili wa upande wa pili ajibu, na mtaa mzima umeshasikia. Ni kwa njia ya foni tulijua nani kaachwa, nani ana mimba na mjomba wa nani kauza baiskeli isiyo yake. Mimi sijawahi kuishika. Hata kanisani naimba kwa midomo tu, sauti haitoki.

Masere, mtawa anayesimamia ofisi, aliniita siku ile kwa sababu mbili: shuleni hakuna anayenishinda kupiga mashine ya kuandika, na sina maneno mengi. Alikuwa amerudi kutoka Lubumbashi na kisanduku cheusi, kidogo kama misale, kitabu cha misa. Alisema kisanduku kikikaa katikati ya kompyuta na foni, barua itageuka mlio, mlio utapita hewani, na kule Kamina kompyuta nyingine itaugeuza kuwa maandishi tena. Hakuna waya hadi Kamina, na hakuna mtu wa kusema neno.

Hapo nikakisogelea kisanduku. Maana Kamina ndiko anakofundisha yaya, dada yangu mkubwa, na mimi nilikuwa nimebakiwa na siku moja. Ijumaa saa mbili papa, baba yangu, alitaka kuniandikisha shule ya kushona. Mimi nataka hesabu na fizikia. Papa si mtu mbaya. Yeye bado anakwenda kiwandani, usine ya Shituru, kila asubuhi, mshahara uwepo usiwepo, na anasema mashine ya kushona haifungwi kama ofisi. Kuna mtu mmoja tu ambaye papa hawezi kumkatalia, naye ni yaya, kwa sababu yaya alipewa jina la nyanya, mama yake papa. Tangu yaya azaliwe papa anamwita "mama", na neno la mama halirudishwi. Lakini ningelisemaje jambo hilo kwa foni, mbele ya mstari wote wa Panda? Ningekufa pale pale.

Kompyuta yenyewe ni mzee. Ilitoka ofisi moja iliyofungwa, ilikuwa nyeupe ikawa rangi ya chai ya maziwa, na herufi zake ni za kijani. Tulipoigeuza tukaona mahali pa kuchomeka pana matundu ishirini na tano. Waya wa kisanduku una tisa.

"Aba habawezi kuoana," papa wa foni akasema.

Masere akatoa karatasi ya maelezo. Papa wa foni akakata waya wa mashine ya kuchapa ya kompyuta, iliyokufa zamani, akaweka chuma cha kulehemu juu ya makaa ya jiko la mbabula, akaanza kuunganisha nyuzi moja moja huku masere akimsomea.

"Ya mbili iende kwa tatu. Ya tatu iende kwa mbili."

"Masere, mbili kwa tatu? Mbili inaenda kwa mbili. Hiyo njo akili."

Akaunga mbili kwa mbili. Tukawasha. Kimya. Masere akamsogezea karatasi, na mimi nikauma mkono wa blauzi nisicheke. Akafungua, akaunga upya mbili kwa tatu, akinung'unika kwamba aliyeandika karatasi ile hajawahi kuhesabu. Tukawasha tena. Taa nyekundu ya kisanduku ikapepesa, na foni ikatoa mlio kama mafuta yanayokaangwa ndani ya filimbi.

Nje mstari ukasogea mlangoni. Mama mmoja akauliza, "Nani iko nalia mule?"

"Ni ordinatère, kompyuta ya masere, iko nasemezana na Kamina," papa wa foni akajibu.

"Kwa Kifaransa?"

"Shijui, mama. Inasema mbio kama weye ukigombana."

Mtu akakohoa. Papa wa foni akatoa kichwa mlangoni. "Munyamaze. Kikohozi chenu kitafika Kamina ndani ya barua." Nao wakaamini, na kusema kweli hata mimi niliandika huku nimebana pumzi.

Barua ya masere ilikwenda kwanza. Kisha akaniambia niandike yoyote, ya kujaribu. Juu niliandika apelekewe yaya shuleni kwake, kisha vidole vikaenda vyenyewe: "Yaya, ni minye, mdogo wako. Kesho papa ananiandikisha kushona. Nataka hesabu na fizikia. Umwambie. A vu." Hiyo "a vu" niliandika bila kufikiri. Mlio ukalia, taa ikapepesa, basi. Siri yangu ilipita juu ya vichwa vya mstari mzima na hakuna aliyegeuka. Nilitoka nyuma ya ofisi nikarukaruka peke yangu kama kichaa.

Saa tisa jibu likaja, kijani: "MWAMBIE PAPA MAMA YAKE AMESEMA HESABU. CHEREHANI MIMI NITAKUPA UKIOLEWA. A VU."

Mashine ya kuchapa ndiyo ile tuliyoikata waya, basi nilinakili kwa kalamu ya bic na kukimbia nyumbani. Papa alikuwa uani anaziba tairi ya baiskeli. Akasoma mara mbili.

"Maandiko iyi ya nani?"

"Ya minye, papa."

"Na maneno?"

"Ya yaya."

"Sauti yake ulisikia?"

"Hapana, papa. Ilikuya na ordinatère."

Akanirudishia karatasi polepole. "Karatasi yako, bic yako, mambo yenye weye unataka. Na minye niseme ni mama ameandika?"

Alikuwa anacheka, na ubaya wake ni kwamba alikuwa na haki. Siku nzima nilifurahia barua isiyo na sauti wala mkono wa mtu, kumbe ndiyo sababu haikuwa na mwenyewe. Nikacheka naye mpaka kwikwi ikanishika. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema, "Papa, kesho tupite kwanza kwa foni."

Ijumaa saa moja tulikuwa wa tano mstarini. Zamu yetu ilipofika, papa wa foni akaita Kamina wamlete mwalimu, akaninyoshea maikrofoni papa akiwa kando yangu. Tulingoja kama dakika kumi, watu wote wakinitazama. Sauti ya yaya ikatoka na mchanga mwingi ndani yake. Nikabonyeza kitufe.

"Yaya, papa hasadiki barua. Anataka nishone. Minye nataka hesabu na fizikia. A vu."

"Papa, mwana wangu, umelala je?" yaya akasema, na mstari ukaangua kicheko. "Ni minye mama yako. Ile barua ni yangu. Mutoto aende hesabu. A vu."

Papa alivua kofia mbele ya foni. "Ndiyo, mama," akasema, bila kubonyeza kitufe, kwa hiyo Kamina hawakusikia. Akanigeukia. "Twende tukakuandikishe kwa hesabu."

Papa wa foni alinyosha mkono apokee maikrofoni. Sikumpa. Nikabonyeza tena, ingawa hakuna aliyeniuliza, nikasema kwa sauti iliyofika hadi nyuma ya mstari: "Hesabu na fizikia. A vu."