Nyumba Kubwa ya Bibi Dorkasi

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili mtu asije akamlaumu Bibi Dorkasi.

Alikuja kwenye makazi yetu ya wazee baada ya masika ya mwaka juzi, mlima ulipoporomoka juu ya Magamba ukachukua shamba lake pamoja na nyumba, ingawa habari ya nyumba niliijua baadaye. Fomu nilijaza mimi. Tuna vyumba vichache vya bure kwa asiye na pa kuishi. Vingine hulipiwa kila mwezi. Nikamwuliza kama nilivyouliza wote, "Bibi, una nyumba?"

Akanyoosha mgongo. "Ninayo, mwanangu. Nyumba kubwa."

Nikaandika: ana nyumba kubwa. Mimi Klara, mzaliwa wa Soni, niliyelelewa kwa Kishambaa! Kwetu nyumba ya mwanamke ni watoto na wajukuu wake. Kusema huna nyumba ni kusema huna watu. Lakini siku ile nilikuwa mtu wa ofisi, kalamu mkononi, akili nimeiacha nyumbani.

Basi akapangiwa chumba cha kulipia. Wajukuu wa Korogwe walichanga miezi minne, kisha simu zikawa hazipokelewi. Siwalaumu sana, nao wamepanga vyumba vya watu. Bibi hakulalamika. Alianza kuacha chai ya asubuhi, akidhani tutampunguzia ada, nami nikadhani anaringa. Siku moja akafunga kanga zake, akaaga chumba kwa chumba, akaondoka.

Wiki ya pili nilimfuata huko Magamba kumpelekea blanketi alilosahau. Jirani yake, Marta, akanionyesha palipokuwa na nyumba: udongo mwekundu na magugu tu. Bibi alikuwa akilala jikoni kwa Marta, ubavuni mwa mbuzi. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokiandika. Nililia, tena kwa sauti, na mbuzi wananitazama.

Kesho yake nilirekebisha fomu. Kamati ikakubali aingie bure, ila vyumba vyote vilikuwa vimeshajaa, asubiri. Nikapanda tena kumwambia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote, na kosa langu pia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Chumba changu anakaa nani?"

"Mzee Sefania."

Akajivutia kanga mabegani. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka.

"Mwambie kitanda akisogeze dirishani," akasema. "Jua linaingia saa tatu, na halikai sana."