Nukta Sita

Nina mwandiko mzuri, na huo ndio ulioniponza. Mkuu wa wadi yetu ya wazazi, katika hospitali ndogo ya Upper Hill iliyobanwa kati ya majengo ya benki, alikuwa akiwaonyesha wanafunzi karatasi zangu. "Muuguzi huandika hivi," aliwaambia, nami nikavimba kichwa kama andazi.

Karatasi yenyewe ni ile ya kufuatilia uchungu wa mama. Kila nusu saa unasikiliza moyo wa mtoto tumboni, unatia nukta, kisha unaunganisha nukta kwa mstari. Mstari ukishuka unamwita daktari mbio. Ni kazi rahisi ukiwa na mama mmoja. Siku ile nilikuwa na saba, na mwenzangu alikuwa ameitwa chumba cha upasuaji.

Tulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote na ambayo sote tuliijua. Ukizidiwa, unawashughulikia kwanza wanaopiga kelele, na karatasi unazijaza baadaye, zote pamoja, ukinywa chai. Tuliiita kupiga pasi. Nilikuwa nimepiga pasi karatasi nyingi, na watoto wakazaliwa wakilia, basi nikaona hakuna ubaya. Mazoea yana taabu, lakini taabu hiyo huioni mpaka siku ikufike.

Yule mama hakupiga kelele. Alikuwa mwanamke mdogo kutoka magharibi mwa nchi, aliyefanya kazi ya kufulia watu nguo kule Loresho, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Saa nne asubuhi nilimsikiliza mtoto, moyo ukawa unakwenda vizuri kabisa. Nikamwambia atembeetembee. Nilirudi kwake saa saba mchana. Katikati hapo nilimpita mara mbili au tatu nikikimbilia wengine, na kila mara alinitazama, na kila mara nilimwambia, "Nakuja, mama." Nilipoweka kifaa cha kusikilizia juu ya tumbo lake sikusikia kitu. Nikakihamisha kushoto, nikakihamisha chini, nikajidanganya kwamba betri imekwisha. Mtoto alizaliwa kabla ya saa nane, msichana, viungo vyote vizima, na hakulia.

Mkuu wa wadi alinishika bega. "Maliza karatasi kabla daktari hajafika," akasema. Hakuniambia nidanganye, na hakuhitaji kuniambia. Nilikaa mezani nikatia nukta sita, za saa nne na nusu hadi saa saba. Niliziinua kidogo hapa, nikazishusha kidogo pale, kwa sababu mstari ulionyooka mno huzua maswali. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Nikikumbuka hilo hadi leo najichukia.

Kisha nikaenda kumfunika mama vizuri. Mumewe, fundi wa mawe, alikuwa bado njiani. Mama akanishika mkono.

"Sista, ni juu ya vile jana nilienda kufua?"

"Kwa nini unauliza hivyo, mama?"

"Mama ya bwanangu alinikataza. Alisema nikiinama-inama hivyo nitanyonga mtoto. Na mimi nikaenda, juu kwa ile nyumba walikuwa na wageni."

Jibu lilikuwa neno moja tu: hapana. Kufua nguo hakumnyongi mtoto. Lakini nilijua nikisema hapana, swali litakalofuata ni kilichomuua basi ni nini. Nikaliona swali hilo linakuja, nikalikimbia. "Kazi ya Mungu haina makosa, mama," nikamwambia, kwa ile sauti yetu ya upole. Akasema asante. Alinishukuru! Tulipomaliza masomo tuliapa mbele ya wazazi wetu kwamba tutamwambia mgonjwa ukweli, na kiapo changu hakikufika hata kwenye swali la kwanza zito. Mungu hakuwa zamu siku ile. Mimi ndiye niliyekuwa zamu.

Ulipita mwaka na zaidi. Asubuhi moja mama huyo akaja kliniki na mimba ya miezi sita. Walimpa muuguzi mwingine, akakataa. Alinitaka mimi.

"Huyu sista ndiye aliniambia vizuri," akawaeleza wenzangu.

Nilimwingiza chumbani, nikafunga mlango. Alikaa kwenye kiti akiwa amenyoosha mgongo wima, akanieleza kwa fahari kidogo kwamba kazi ya Loresho aliiacha. Jirani anamfagilia. Ndoo hainyanyui. "Hii sijainama hata siku moja, sista," akasema. "Hata viatu nafungiwa."

Nikatazama viatu vyake. Vilikuwa raba nyeupe, kamba zimefungwa vizuri na mtu mwingine. Sikuweza tena. Nilimwambia kila kitu: muda wa saa tatu bila kusikiliza, nukta sita za uongo, na kwamba kufua hakukuwa na hatia yoyote. Nilisema haraka haraka, macho yangu yakiwa ukutani. Nilisema pole mara nyingi.

Hakulia. Kisha akasema, "Andika."

"Niandike nini?"

"Hiyo umesema. Bwanangu hawezi amini mdomo yangu."

Nikaanza kujikanyaga. Nikamwambia nitafutwa kazi, naweza kunyang'anywa leseni, nina watoto shuleni. Mimi niliyesifiwa kwa mwandiko niliombwa niandike kitu kimoja cha kweli, nikashindwa. Aliniacha nimalize. Akachukua kitabu chake cha kliniki mezani.

"Kumbe umeniambia ndio wewe upate kulala," akasema, akatoka. Kliniki iliyofuata hakuja, na iliyofuata hiyo pia.

Ilinichukua karibu miezi mitatu kuandika ukurasa mmoja. Aibu hiyo siifichi. Nakala ya kwanza niliipeleka kwa mkurugenzi, akanisimamisha kazi siku hiyo hiyo, na mkuu wa wadi hajanisalimu tangu wakati huo. Nakala ya pili niliipeleka mwenyewe kwa mumewe, kule mtaa wa Muthangari alikokuwa akijenga ukuta wa nyumba moja ya ghorofa. Namba yake ilikuwa kwenye faili ya mkewe.

Alinawa mikono kwenye ndoo kabla ya kuipokea. Aliisoma akiwa amesimama, akairudia. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Siku tulizika mtoto," akasema, "nilimwambia ni yeye ameua. Nilisema mbele ya mama yangu. Na yeye hakujibu kitu." Akakaa juu ya mawe. "Saa hii ako nyumbani, amebakisha siku chache. Amesema hospitali haendi tena. Atazalia kwa nyumba."

Nikamwambia hilo lisiwe kabisa, mkewe lazima aende hospitali, yoyote, hata ikiwa si kwangu. Akatoa simu, akampigia mkewe, akanipa pamoja na barua.

"Msomee. Mimi siwezi."

Nikasimama pale kwenye vumbi la saruji nikamsomea, tangu mwanzo hadi sahihi. Mafundi wengine walikuwa wameacha kugonga mawe. Upande wa pili wa simu nilisikia kuku, na pumzi za yule mama. Nilipomaliza nikamsihi aende hospitali, awaambie wauguzi wamsikilize mtoto kila nusu saa, na wakipita bila kusikiliza apige kelele, awashike nguo.

"Nimesikia," akasema. "Mpe bwanangu."

Nikampa. Mume aligeukia ukuta, akaweka kipaji cha uso kwenye jiwe. "Nisamehe," akasema. "Nisamehe, mama. Nisamehe." Hakujitetea kwa lolote, hata kwa lile ambalo nililisababisha mimi.

Nilisimama nyuma yake na barua mkononi. Nilikuwa nimeeleza kila kitu, saa na dakika, kwa mwandiko wangu mzuri, wala sikuwa nimemwomba mkewe msamaha popote.